Ndege, siku tano kutoka Dar: Mikumi na Kilombero, Amani, au Rufiji?

BintiMbagala

Wadau, habari za jioni. Naombeni akili zenu. Wiki ya pili ya Februari nina likizo ya siku tano. Tutakuwa wanne: mimi, wenzangu wawili wa kazini, na mama yangu (miaka 66, muuguzi mstaafu, magoti yanamsumbua). Sisi watatu tumeshikwa na ugonjwa wa kutazama ndege tangu mwaka jana. Ulianzia Kunduchi kwenye mashamba ya chumvi, Jumamosi moja tu ya kupoteza muda, na sasa kila mtu ana darubini na daftari. Mama anasema yeye anasindikiza.

Safari hii tunataka twende na mwongozaji anayejua ndege. Tumeletewa mapendekezo matatu na bei hazipishani sana:

Kwanza, Mikumi, halafu Mang'ula pale Udzungwa, halafu bonde la Kilombero upande wa Ifakara. Pili, Amani, Usambara Mashariki, siku zote tano. Tatu, Hifadhi ya Nyerere kwa njia ya Kibiti, kupanda boti Mto Rufiji asubuhi na jioni.

Kuna mwingine katuambia tuachane na yote hayo twende kaskazini, Tarangire na Manyara. Tumsikilize?

Steringi

Huyo wa kaskazini msimsikilize, si kwa siku tano. Kwa gari kutoka Dar siku mbili zimekwenda barabarani, kwenda na kurudi, na mgongo wa mama utawalaumu. Tarangire nzuri, sibishi. Wale kasuku wadogo wenye kola ya njano na kuzi wa kijivu ni wa Tanzania peke yake. Ila hao hata upande wa Dodoma wapo, na Dodoma sasa ni treni ya umeme tu. Hiyo wekeni wikiendi nyingine.

Na kama mtachagua Mikumi, pandeni treni hadi Morogoro gari liwapokee pale. Mnakwepa Kibaha na Chalinze yote. Nimeendesha njia ile miaka mingi, asubuhi ya malori haifai kuanzia likizo.

Mbondei_wa_Muheza

Dada, Amani! Nasema kwa upendeleo, kwetu ni pale chini, lakini sikiliza kwanza.

Wajerumani walifungua kituo cha utafiti pale mwaka 1902 na kupanda miti ya kila pembe ya dunia. Mwaka 1997 ikawa hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini. Kuna nyumba za wageni ndani ya msitu kabisa. Unafungua dirisha saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umekaa juu ya chai, hondohondo wanapita na mabawa yanavuma kama mtu anapepea ungo. Kuna chozi wa Amani, kuna bundi mkubwa wa Usambara, na kuna yule ndege mdogo mshonaji mwenye domo refu ambaye duniani kote yuko sehemu mbili: Usambara Mashariki na uwanda wa Njesi, kaskazini mwa Msumbiji. Basi. Wazungu wanakata tiketi ya ndege kwa ajili yake tu, na ni kijivu, hana rangi yoyote ya kujivunia.

Waongozaji ni vijana wa vijiji vya pale, wamekua na milio ile masikioni.

BintiMbagala

@Mbondei_wa_Muheza kaka umeniuzia kweli. Swali: mama atatembea wapi?

Mbondei_wa_Muheza

Barabara ya gari inapita katikati ya msitu, atatembea humo humo taratibu. Mshonaji mwenyewe anapenda mitambaa ya kando ya msitu, si lazima mzame ndani. Ila nisifiche: kutoka Zigi kupanda Amani ni kona na mawe, ikinyesha ni utelezi. Na siafu. Suruali ndani ya soksi, mama pia.

Chelewa_Ufike

Naomba niseme kabla hamjalipa mtu shilingi. Miaka mitatu iliyopita tulichukua "safari ya ndege" ya siku nne, kampuni siitaji. Tulilipia ndege tukapewa simba. Kila tukisimama kwenye mti, dereva anasikiliza redio ya wenzake, "kuna chui kule", gari linaondoka na vumbi. Nikamwonyesha ndege mwekundu kifuani, akaniambia, "Huyo ni ndege wa porini." Nami niliona ni wa porini!

Mkiongea nao waulizeni: huyo mwongozaji tutakayesafiri naye ni nani hasa, na mara ya mwisho aliona nini sehemu hiyo? Anayejua atakujibu kwa majina na mahali, "pale darajani, asubuhi, upande wa kushoto." Asiyejua atakutajia idadi. "Mikumi kuna aina zaidi ya 400." Ni kweli zipo, lakini wewe hutaziona 400, utaziona zile atakazozijua yeye.

Babu_Darubini

Binti, marahaba kabla hujaniamkia. Hoja ya bwana hapo juu ndiyo yenyewe. Mimi nitakuongezea kitu kimoja: msituni ndege husikika, haonekani. Siku tano za msitu mtupu kwa watu walioanzia ufukweni Kunduchi, ambako ndege amesimama wazi kama mtu anasubiri mwendokasi, ni adhabu. Siku ya kwanza mtafurahi, ya pili shingo zitauma, ya tatu mtaanza kugombana. Amani nimekwenda mara nne na naipenda, lakini mara ya kwanza nilirudi na ndege 31 daftarini na hasira.

Kwa hiyo mimi napiga kura njia ya kwanza, kwa sababu katika barabara moja mnapata mbuga, msitu na maji.

Mikumi, uwanda wa Mkata. Februari nyasi ndefu, wanyama wanajificha, watu wa simba wanalalamika. Ninyi furahini. Ndege wageni kutoka Ulaya bado wapo, keremkerem na wale wa bluu wanaokaa juu ya nyaya, wataondoka kufikia Aprili. Mtawaona mumbi wanatembea chini kama wazee wa baraza, na pungu angani asiye na mkia wa maana.

Mang'ula, Udzungwa. Magari hayaingii, ni miguu tu. Vijana pandeni Sanje, maporomoko yana mita 170, ondokeni alfajiri. Mama abaki chini kijijini na darubini yake, pembeni mwa msitu kuna ndege kuliko ndani. Msitegemee kumwona kwale wa Udzungwa, huyo yuko misitu ya mbali huko juu, si pale Mang'ula. Lakini hadithi yake mpigieni mama: mwaka 1991 watafiti waligundua kuwapo kwake baada ya kuona miguu ya ajabu ndani ya sufuria kambini. Mboga ya jioni! Wakafuatilia, wakakuta ndege asiyejulikana na sayansi, tena jamaa zake wa karibu wako Asia.

Halafu Kilombero. Hapo ndipo nitakaa kidogo.

Kuna kwera, ndege wa kusuka viota, anaitwa kwera wa Kilombero. Wataalamu walimwandika rasmi mwaka 1990 tu, na makazi yake ni bonde lile, hana kwingine. Si kwamba alijificha. Yuko pembeni mwa mto Ifakara, watu wanafua nguo chini yake. Tulikodi mtumbwi, mzee mmoja akatusukuma kwa upondo hadi kwenye matete. Dume la njano, usoni ameingiza mdomo kwenye wino mweusi, alikuwa anang'ata ukingo wa jani la tete, anaruka nao, jani linachanika uzi mrefu. Ule uzi akaurudisha kwenye kiota, akapitisha, akavuta, akapitisha. Jike likaja, likaning'inia mlangoni, likachungulia, likaondoka. Dume likasimama kidogo. Kisha likaanza kubomoa lilichojenga. Mzee wa mtumbwi akasema, "Kakataliwa nyumba." Tulikaa pale saa nzima na nusu, hakuna aliyesema twende.

Chelewa_Ufike

@Babu_Darubini "kakataliwa nyumba" 😂 Kama mimi Kimara.

Pwani_Moja

Salamu kutoka Mombasa. Mkiwa na siku za ziada mwakani njooni msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa kwetu karibu na Watamu. Kuna bundi mdogo shibiri moja hivi, wengine kahawia, wengine rangi ya kutu, mchana hulala wawili wawili wamegusana mabega. Ni yule yule wa chini ya Usambara Mashariki, kwa hiyo ndugu wa Muheza asijigambe peke yake. Na jioni mwenda hori ya Mida, maji yakitoka.

Mbondei_wa_Muheza

Sijigambi, nataja tu 😀 Kwetu pia analala wawili wawili.

Nahodha_Rufiji

Mbona hakuna anayeisemea Rufiji? Kwa mama mwenye magoti, boti ni jibu. Anakaa kwenye kiti, ndege wanaletwa mbele yake: furukombe, yangeyange, mdiria wa kila saizi, ukuta wa mto umetobolewa matundu na keremkerem wenye paji jeupe. Na yule ndege ambaye mdomo wa chini mrefu kuliko wa juu, anaruka usawa wa maji anakata mto kama mkasi kwenye kitambaa. Hifadhi ni kilomita za mraba zaidi ya 30,000, hakuna msongamano.

Babu_Darubini

Nahodha, nakubali kila neno isipokuwa mwezi. Yule wa mkasi anataka michanga iliyo wazi, anatagia hapo. Februari mto uko juu, michanga imezama. Rufiji ni ya Julai hadi Oktoba. Mpeleke mama Agosti, mimi mwenyewe nitachangia mafuta.

Nahodha_Rufiji

Hapo umenishika. Agosti basi. Maneno ya mafuta nimeyaweka kumbukumbu.

Kisarawe_Kwetu

Mimi nasema jambo dogo. Kabla ya safari, nendeni msitu wa Pugu asubuhi mbili tatu. Ni bajaji na daladala tu kutoka mjini. Mfunze masikio. Mkienda Udzungwa bila kujua sauti ya shorwe wa kawaida, mtamsumbua mwongozaji kila dakika kwa shorwe. Sisi tulifanya hivyo, kijana wa watu mwishoni alikuwa anajibu kabla hatujauliza: "Shorwe. Shorwe. Na yule shorwe."

Na msikubali mwongozaji anayepiga milio ya simu mfululizo ili ndege aje. Mara moja sawa. Akirudia rudia, ndege anaacha kiota chake kuja kupigana na simu.

Steringi

La pesa limesahaulika. Kiingilio cha Mtanzania hifadhini si tatizo, mbebe vitambulisho vya taifa. Kinachokula fedha ni gari na siku za mwongozaji. Mko wanne, gari moja linawatosha, kila mtu dirisha lake. Wakiwaongezea abiria wawili wa kujaza nafasi, kataeni. Kuna mtu atakaa katikati siku tano akitazama visogo vya wenzake.

BintiMbagala

Nimewasoma wote jana hadi saa sita usiku. Asanteni sana, na shikamoo Babu.

Nimewapigia hao wa njia ya kwanza, nikauliza swali la @Chelewa_Ufike. Wa kwanza kupokea akanitajia 400. Nikaomba kuongea na mwongozaji mwenyewe. Akaja kijana, akasema kwera anawajua, wapo chini kidogo ya daraja, ila tufike kabla ya saa mbili asubuhi maana baadaye upepo unayumbisha matete na darubini hazitulii. Nikalipa kianzio hapo hapo. Tumepunguza Mikumi iwe usiku mmoja, Ifakara iwe miwili. Treni hadi Morogoro. Amani ni Oktoba, Mungu akipenda, na @Mbondei_wa_Muheza usihame.

Sasa kituko. Jana jioni nilimsomea mama ile habari ya Babu, ya dume na matete. Akaacha kuchambua mchicha. Mama alizaliwa Ifakara, nilikuwa najua, sikuwa najua kwamba utoto wake wote Machi hadi Juni alikuwa juu ya kichanja shambani kwa babu, anaamia mpunga. Kombeo, debe bovu, na kupiga kelele kuanzia alfajiri. Akaniuliza, "Huyo wa njano mwenye uso mweusi? Yaani nilipe hela nikamtazame mnana niliyemrushia mawe miaka sita?"

Nikamwambia basi abaki nyumbani kama hataki.

Leo asubuhi kanituma Kariakoo nikamnunulie buti za mpira, namba 39, na kasema darubini yangu ya zamani nisimpe mtu.