Kabureta au injekta kwa pikipiki ya magurudumu manne ya shambani?

Mkulima, Wete
Assalamu alaykum. Natafuta pikipiki ya magurudumu manne iliyokwishatumika, ya kutolea karafuu mbichi mabondeni hadi kwenye majamvi ya kuanikia. Nimeonyeshwa mbili: moja ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), na nyingine, ya bei kubwa zaidi, ni Yamaha Grizzly 700 ya injekta (inayopulizia injini petroli). Msimu ukimalizika chombo kitakaa bandani kwa miezi, na petroli ya huku kijijini mara nyingi ni ya chupa. Ipi itanifaa?

Fundi, Chake Chake
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Huko kukaa bandani ndiko kunakoamua. Petroli iliyobaki katika bakuli la kabureta hupaa na kuacha utando unaoziba jeti ndogo, yaani kitundu cha kupitishia petroli, ile inayoilisha injini inapozunguka taratibu, ndiyo maana msimu mpya huanza kwa kufungua kabureta. Tena mitelemko yetu huilaza petroli upande mmoja wa bakuli, injini ikakosa pumzi, ilhali injekta hupuliza kwa nguvu ya pampu, na kiasi hupangwa na kompyuta inayosoma joto, hewa na uwazi wa eksilita. Suzuki waliitoa KingQuad 700 ya injekta mwaka 2005, na Grizzly hiyo ikafuata 2007. Ukisifiwa kwamba injekta hujirekebisha kwenye milima mirefu, usiongeze bei kwa sababu hiyo. Pemba haina milima ya namna hiyo.

Mwenye shamba, Mkoani
Naafiki, ila betri isisahauliwe. Ikifa kabisa, pampu haizunguki, kwa hiyo ichajiwe hata msimu usipokuwapo. Viungio vya nyaya navyo vikaguliwe, kwani hewa ya chumvi huvila. Petroli ya chupa ichujwe kwa kitambaa safi na iachwe itulie, maji yabaki chini: bakuli la kabureta humwagwa kwa kulegeza skrubu moja, lakini pampu ya injekta imo ndani ya tangi, na petroli hiyohiyo ndiyo inayoipoza, hivyo tangi lisiachwe likaribie kukauka.

Mkulima, Wete
Nashukuru sana. Hiyo ya injekta nitaikaguaje kabla ya kulipa?

Fundi, Chake Chake
Fungua swichi bila kuwasha injini. Pampu ivume kwa muda mfupi, kisha inyamaze. Tazama pia kioo cha dashibodi, kwani hitilafu ikiwapo Grizzly huonyesha namba yake. Pampu isipovuma, usilipe mpaka sababu ijulikane, kwa kuwa pampu mpya ni ghali kuliko jeti zote za kabureta.