Kodeki (njia za kubana video) x264, x265 au AV1: ipi inaihimili video ya usiku yenye chengachenga?

PichaTanga: Wakuu, nina kazi ya sendofu. Ukumbi ulikuwa na taa za rangi tu, nikapandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 12800. Kwenye montaji inapendeza, chengachenga zinavumilika. Nikirenda (nikitoa faili la mwisho) kwa x264, CRF 23 (kipimo cha ubora, namba ikishuka ubora na ukubwa vinapanda), pazia jeusi nyuma ya meza kuu linakuwa miraba inayotembea kama siafu. x265 kwa CRF hiyohiyo imepunguza miraba, ila nyuso zimekuwa za plastiki. Video ni ya saa tatu, 1080p, na mteja anaitaka kwenye flashi aangalie kwenye TV. Nyie mnatumia ipi?

FundiKodeki: Mkuu, kabla ya kuhama x264 iguse aq-mode, inayoamua biti zigawiwe sehemu gani za picha. Bila kuambiwa inatumia 1, na hiyo haijali giza sana. Weka 3, inapeleka biti zaidi sehemu za kiza, na pazia lako litatulia. Wengi watakwambia uweke tune grain, mpangilio wa kulinda chengachenga. Ni nzuri, inalegeza deblock (kulainisha kingo za miraba) hadi -2:-2 na inazuia vipunje vidogo visitupwe, ila kuna mtego: inashusha aq-strength (nguvu ya mgao wa aq-mode) hadi 0.5. Ukizitumia pamoja irudishe mwenyewe hadi 0.8, la sivyo aq-mode 3 utaiona haina maana.

DadaMontaji: Plastiki ya x265 naijua, ni SAO, kichujio chake cha kulainisha. Andika no-sao uone ngozi zinavyorudi. Halafu renda kwa biti 10 (vivuli vingi zaidi vya rangi) hata kama kamera yako ni ya biti 8, maana pale mwanga wa taa unapofifia ukutani ndipo biti 8 inapochora ngazi. Tune grain ya x265 usiichukulie kama ya x264. Jina moja, tabia mbali: hii inazima AQ (mgao ule wa aq-mode) kabisa na faili linavimba.

FundiKodeki: Hapo kwenye biti 10 tuelewane, dada. HEVC (video inayotoka x265) ya biti 10 TV nyingi za 4K zinaicheza. H.264 (inayotoka x264) ya biti 10 TV haiichezi, utapigiwa simu usiku kwamba kuna sauti bila picha.

PichaTanga: Nimejaribu x264, tune grain, aq-mode 3, CRF 18. Picha safi mno! Tatizo faili limepita GB 4 na flashi ni FAT32, mfumo usiopokea faili moja linalozidi GB 4, imelikataa. Nikiiformati exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, TV ya mteja haiisomi.

KijanaWaAV1: Mbona mnahangaika? SVT-AV1, enkoda ya AV1, ina film-grain. Enkoda inasafisha picha, inapima chengachenga zilikuwaje, inaandika vipimo tu, halafu kichezaji kinazitengeneza upya wakati wa kucheza. Faili linakuwa dogo sana.

DadaMontaji: Mdogo wangu, TV ya mteja wake haisomi exFAT, AV1 itaisoma kwa miujiza gani? Tena chengachenga zinazorudi ni za kutengenezwa, sio zile alizopiga. Kwa kuangalia kwenye simu mpya sawa. Kwa kuweka akiba mimi siafiki.

MzeeWaVHS: Wanangu, fanyeni hesabu. GB 4 kwa saa tatu ni kama megabiti 3 kwa sekunde, sauti ikiwemo. Chengachenga za ISO 12800 haziingii humo kwa kodeki yoyote inayochezwa na TV hiyo. Punguza chengachenga kwanza kwa kichujio cha hqdn3d=2:1.5:3:2.25, nusu ya nguvu yake ya kawaida. Usizidishe. Chengachenga ndizo zinazoficha ngazi kwenye giza, ukizifuta zote ukuta unakuwa mabaka matupu. Halafu nani kasema faili liwe moja? Enzi zetu harusi ilikuwa kanda mbili na hakuna aliyelalamika.

PichaTanga: Shikamoo mzee. Nimeweka hqdn3d hiyo, x264, preset slow (kubana polepole), aq-mode 3, CRF 20, bila tune yoyote. Nimekata vipande vitatu, cha kwanza kinaishia kwenye keki. Kila kimoja kiko chini ya GB 4. Pazia limetulia, japo kona ya DJ bado inachemka kidogo moshi ukipita.

FundiKodeki: Moshi na taa za kuzunguka zinamshinda kila mtu. Ukiwa na nafasi shusha CRF ya kipande hicho tu. Ukishuka sita ukubwa unakaribia kuwa mara mbili, kwa hiyo jaribu 18 usiende mbali. Na TV ya mteja ikiwa kwenye Vivid (mpangilio wa picha ya kung'aa) itoe, inang'arisha giza na kuanika kila kitu ulichoficha.

DadaMontaji: Na wakitaka kipande cha WhatsApp watumie kama dokumenti. Wakituma kama video itabanwa upya, na hizo aq zote zimeenda na maji.

PichaTanga: Marahaba kwa darasa. Mteja kachukua flashi jana jioni. Mpaka sasa hajapiga simu.