Gumzo la ukoo: wanang'oa reli za yadi

Neema: Shikamooni wakubwa. Nimepita pale yadi ya zamani ya mizigo, wameanza kung'oa reli. Mataruma yamelundikwa pembeni kama kuni.

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Wameanzia upande gani?

Neema: Kule kwenye kilima kidogo.

Babu: Basi wameanza na moyo wake! Injini ilisukuma mabehewa taratibu hadi juu ya kile kilima, kiungio kinafunguliwa, behewa linateremka kwa uzito wake lenyewe. Chini yupo mtu wa swichi, ile ya kuhamisha reli: hili njia ya nne, lile ya saba. Akichelewa kidogo, mzigo wa watu umeenda siko.

Hamisi: Si yatagongana huko chini?

Babu: Kulikuwa na vyuma kandokando ya reli vya kubana magurudumu. Zamani zaidi vijana walikimbia na behewa wakilifunga breki kwa mkono. Wengi waliumia.

Shangazi Zuhura: Baba, waeleze habari ya nyundo.

Babu: Ee, nyundo ya mpini mrefu. Unapita treni nzima ukigonga gurudumu mojamoja. Zima linalia ngiiing, sauti inakaa. Lenye ufa linatoa sauti butu, inakatika hapo hapo. Na ekseli iliyoungua unaijua kwa harufu kabla hujaifikia.

Hamisi: Malori ndiyo yaliua yote haya.

Neema: Si malori peke yake, kaka. Kontena pia. Mwaka 1956 Malcom McLean, mfanyabiashara wa Marekani, alipakia kontena 58 kwenye meli Ideal X, kutoka Newark hadi Houston. Kontena likishafungwa linahama kutoka melini hadi kwenye treni au lori bila kufunguliwa, na treni nzima ya kontena inaenda moja kwa moja. Kazi ya kuchambua behewa mojamoja ikapungua sana. Halafu viwanda vizito vyenyewe vikafungwa. Kile cha chuma cha Homestead, karibu na Pittsburgh huko huko Marekani, kilifungwa 1986. Leo pale ni maduka, yamebaki mabomba 12 ya moshi yamesimama safu.

Babu: Mabomba bila tanuru yatamweleza nini mtoto?

Shangazi Zuhura: Mimi moshi siulilii hata kidogo. Nguo nilianua zikiwa na masizi. Ninaowalilia ni vijana walioingia pale hawajui kushika spana, wakatoka mafundi. Siku hizi waende wapi?

Hamisi: Hapo umenena, Shangazi.

Neema: Babu, Berlin kuna yadi ya kupangia mabehewa iliyoacha kazi 1952. Miti ikaota katikati ya reli. Mwaka 2000 wakaifungua iwe hifadhi. Mnara wa maji upo, na ile meza ya kugeuzia injini. Duisburg, huko huko Ujerumani, nako wameacha tanuru la chuma lililozimwa 1985, watu wanapanda hadi juu.

Babu: Hao wamefikiri. Sisi tuombe watuachie kilima, njia mbili na swichi moja inayofanya kazi. Mtu aivute aone reli inavyohama.

Shangazi Zuhura: Barua nitaandika mimi kesho asubuhi, kabla hawajafika kwenye swichi.

Hamisi: Babu, tuchoree ramani ya njia zote tuiambatanishe.

Babu: Nileteeni karatasi kubwa. Ya tisa ilikuwa ya mabehewa mabovu, ikielekea karakana. Tuanzie hapo.