Mkopo ulioandikwa "mauziano": muhuri wa mtaa uzuiwe au uachwe?

Wana Tanga, tulijadili hili bila matusi. Mamdogo ana nyumba Ngamiani, ile ya zamani ya vyumba sita na ukumbi katikati, vitatu kapangisha. Mwaka juzi alikwama, akaenda kwa mkopeshaji mmoja akachukua milioni mbili. Karatasi aliyosaini nimeiona mambo yameshaharibika. Neno "mkopo" halimo kabisa. Juu imeandikwa "Mkataba wa mauziano ya nyumba", bei milioni mbili, chini dole gumba la mamdogo kwa wino wa buluu, mashahidi wawili tusiowajua, na muhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa umegongwa upande. Ile ahadi ya "ukirudisha na nusu juu yake, karatasi nachana" ilikuwa ya mdomo. Mwezi wa nne dalali akaja na mteja, wakawa wanapima uwanja kwa hatua huku mamdogo anaanua nguo.

Angekuwa ameweka rehani benki, Sheria ya Ardhi ya 1999 na marekebisho yake ingempa notisi ya siku 60, mnada ungetangazwa siku 14 kwa sheria ya minada, na nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mkopeshaji ndiye angetakiwa kujieleza. Nyumba ya ndoa hairehaniwi bila ridhaa ya mwenza. Kinga karibu zote hizo ni za aliyeweka rehani. "Aliyeuza" hazimhusu, na hawa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wanalijua hilo vizuri sana.

Rai yangu: nyumba anayoishi muuzaji isigongewe muhuri mpaka tangazo likae mlangoni pa ofisi siku 30, na majirani wa mipaka yote waitwe wasomewe bei. Nani asikie vyumba sita vya Ngamiani vinakwenda kwa milioni mbili anyamaze?

Mzee wa Makorora:
Mwanangu, mpe pole mama. Ila hapo sipo nawe. Mimi niliuza kiwanja Pongwe ndani ya siku tatu, mke wangu yuko wodini anasubiri upasuaji. Ningebandika tangazo, ndugu walewale walioshindwa kuchanga hata nauli ndio wangekuja mbio kuzuia. Mtu mzima na mali yake, aombe ruhusa ya jirani? Na bei ya mwenye shida lini ikawa nzuri?

Aliyeanzisha mada:
Shikamoo mzee. Nimesema nyumba anayoishi muuzaji. Kiwanja chako cha Pongwe ungekiuza hata siku hiyohiyo.

Dada wa Chuda:
Na hilo tangazo atalibandika nani? Mwenyekiti wa mtaa yuleyule mwenye muhuri, anayesubiri asilimia kumi yake? Nimeshauza, nimeshanunua, mara zote mbili aliuliza hela ya muhuri tu. Tangazo litabandikwa nyuma ya mlango, basi. Mimi ningetaka hela ipite benki, kwa jina la muuzaji, ndipo muhuri ugongwe.

Kuhusu mama yako: baraza la kata tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usikubali ukiambiwa karatasi ndiyo mwisho wa maneno, hadaa inathibitishwa hata kwa mashahidi. Aliwahi kumrudishia chochote?

Aliyeanzisha mada:
Alimrudishia. Laki mbili mbili, miezi mitatu mfululizo, kwa simu. Meseji hajazifuta, hajui hata kufuta.

Dada wa Chuda:
Basi zipeleke zilivyo na simu yenyewe. Waulizwe pale barazani, ni mnunuzi gani wa nyumba anayelipwa kila mwezi na aliyemuuzia?

Mzee wa Makorora:
Hapo kweli. Lakini tangazo bado silitaki.