Shahada ya uzamili ya ushauri nasaha Marekani: je, shahada ndiyo leseni?

Mwalimu wa Chumbageni
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nafundisha sekondari hapa Tanga, na nimekabidhiwa pia kitengo cha malezi na unasihi, ambako wanafunzi hunijia na mizigo ya misiba na vipigo inayozidi mafunzo yangu ya ualimu. Nakusudia kusoma shahada ya uzamili Marekani ili niwe mshauri mwenye leseni. Je, shahada yenyewe inatosha?

Binti Pangani
Waalaykum salaam, Mwalimu. Haitoshi, kwa kuwa kule leseni hutolewa na kila jimbo kwa masharti yake. Tafuta kwanza programu yenye ithibati ya CACREP, chombo cha Marekani kinachokagua ubora wa programu za ushauri nasaha; programu hiyo kwa kawaida ina krediti 60, na ambayo humtaka mwanafunzi afanye mazoezi ya awali ya saa zisizopungua 100, arobaini kati yake akiwa ana kwa ana na wateja, kisha mafunzo kazini ya saa 600, ambapo 240 ni za wateja. Baada ya hapo kuna mtihani wa taifa, na kazi chini ya msimamizi. New York, kwa mfano, hudai saa 3,000. Usizione saa hizo kuwa usumbufu, maana ndizo zinazomkinga mteja dhidi ya mshauri aliyesoma vitabu tu.

Mzee wa Korogwe
Mwanangu, hesabu moja husahaulika. Saa 3,000, hata ukifanya kazi saa 40 kila wiki bila kupumzika, ni wiki 75, ilhali kibali cha kazi anachopewa mwanafunzi mgeni baada ya kuhitimu kwa kawaida ni cha miezi 12. Unaweza kurudi na shahada bila leseni. Kwa hiyo kiulize chuo, kwa maandishi, wahitimu wake wageni humalizia wapi saa zao. Shahada ya nje utaipeleka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambuliwe, lakini leseni ya jimbo haivuki bahari pamoja nawe. Kama nia yako ni kuwahudumia watoto wa hapa, iangalie pia Muhimbili, ambako hufundishwa uzamili wa saikolojia tiba: ni taaluma jirani, si ileile, ila utajifunza kwa wagonjwa wanaozungumza lugha yako.

Mwalimu wa Chumbageni
Shikamoo, mzee wangu, nawe dada ahsante sana. Hilo la miezi 12 sikulijua kabisa. Nitaviandikia vyuo kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi, na Muhimbili nitaulizia sifa za kujiunga kwa mwenye shahada ya ualimu.