Nina maboga ya kwangu mwenyewe, nataka kumpikia wifi pai: naomba ushauri

Mama Wanale, Mbale

Habari zenu ndugu zangu. Nina swali la jikoni lenye mambo mengi ndani yake, kwa hiyo mnivumilie.

Nilipanda maboga nyuma ya nyumba mvua za Agosti ziliposhika, na Mungu amejalia. Mimea imetambaa mpaka uani kwa jirani, boga moja linaning'inia juu ya mparachichi. Yako ya namna mbili: la kijani lenye mistari, mbegu yake nilipewa na mama mkwe, na lile kubwa la rangi ya machungwa, mbegu nilinunua dukani. Mengine vikonyo vimeanza kukauka, mengine bado mabichi kabisa.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Waltham, kule Massachusetts. Anakuja Krismasi na mke wake na watoto. Wifi yangu ni Mmarekani na hajawahi kufika kwetu. Aliniambia kwenye simu kwamba chakula anachokipenda kuliko vyote ni pai ya maboga aliyokuwa akipikiwa na bibi yake. Nikamwambia ukifika utaikuta mezani, tena ya maboga niliyolima mimi. Ahadi ni deni, na hili nataka kulilipa vizuri.

Sasa, oveni sina, nina sigiri mbili. Sijui boga lipi linafaa. Halafu watu wa nyumba hii kila mmoja na ulimi wake. Mume wangu boga analijua la mvuke tu, kavu, asubuhi na chai ya maziwa; ukimwambia limetiwa sukari na mayai anasogeza sahani. Mama mkwe hataki kunusa mdalasini kwenye chakula. Kijana wangu mkubwa hali boga la aina yoyote tangu utotoni, anasema linamteleza kinywani. Sitaki wifi akae mezani anaona watu wanaitazama pai yake bila kuigusa. Nifanyeje?

Hajjat wa Bombo

Salaam mwanangu, hongera kwa shamba.

Kabla ya oveni, fikiria boga. Pai inaharibikia kwenye boga, haiharibikii motoni. Unataka lenye nyama kavu, nzito, yenye rangi iliyokolea ndani. Hilo la kijani la mama mkwe wako huenda ndilo, maana mbegu za wazee nyingi zimechaguliwa miaka na miaka kwa ajili ya kuliwa na chai, na boga la chai lazima liwe kavu. Hilo kubwa la dukani linaweza kuwa zuri kwa macho na ndani ni maji matupu. Kata moja la kila namna, pika kipande kidogo bila kitu chochote, onja. Ulimi wako utakujibu kabla yetu. Na likitokea lenye uchungu, hata kidogo, tupa lote. Boga chungu linaumiza tumbo vibaya, uchungu wake hauondoki kwa sukari.

Usilichemshe majini. Litandikie majani ya mgomba kwenye sufuria, maji yawe chini tu, vipande vikae juu na ganda lake, ganda likiwa chini. Funika, lipike kwa mvuke mpaka kijiko kiingie bila kusukuma. Likipoa, kwangua nyama, ponda, liweke kwenye kitambaa safi cha pamba na ulitundike lidondoshe maji. Yatakayotoka yatakushangaza. Halafu rudisha kwenye sufuria kavu, moto mdogo, koroga usiondoke, mpaka ukipitisha mwiko unaona chini ya sufuria na rojo halirudi haraka kuziba. Hapo ndipo liko tayari kwa pai.

Mvuvi wa Busia

Dada, kwa nini ujitese? Tia boga lililopondwa na iliki kwenye sambusa, kaanga, kila mtu atakula. Pai waachie wenye pai.

Mama Wanale, Mbale

Asante sana Hajjat. Kaka wa Busia, sambusa nitapika siku nyingine, lakini wifi ametaja pai na mimi nimesema pai.

Mwokaji Kireka

Mimi naoka keki na mikate ya kuuza, na nilianza na sigiri kabla sijapata oveni. Inawezekana kabisa.

Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko wa bati ulio bapa. Chini mwaga mchanga mkavu safi, unene wa vidole viwili. Juu ya mchanga weka mawe madogo matatu yaliyolingana, bati la pai litakaa hapo, lisiguse mchanga. Ipashe moto sufuria tupu kwa muda mrefu kwanza, nusu saa si nyingi. Ukishaingiza pai, punguza makaa ya chini na uweke makaa mengi zaidi juu ya mfuniko. Watu wengi huweka moto wote chini, basi ganda linaungua na juu kunabaki uji.

Vipimo, kwa bati la upana wa sentimita 23: boga lililokaushwa kama Hajjat alivyosema, gramu 425, ambazo ni kikombe kimoja na robo tatu. Mayai 2. Sukari gramu 150, na kama boga lako ni tamu sana punguza. Maziwa mazito ya kopo yasiyo na sukari, mililita 350. Ukiyakosa, chukua maziwa ya ng'ombe mililita 700, yachemshe taratibu ukikoroga mpaka yabaki nusu, yaache yapoe. Chumvi nusu kijiko cha chai. Mdalasini kijiko kimoja cha chai, tangawizi ya unga nusu, karafuu robo, hiyo usizidishe, karafuu ina nguvu.

Ganda: unga wa ngano gramu 200, siagi gramu 100, chumvi kidogo, maji baridi vijiko vitatu au vinne vya chakula. Sugua siagi kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ufanane na chenga, ndipo utie maji, na usikande. Huo si unga wa chapati. Ukikanda unavutika, na ukiiva unakuwa mgumu. Fanya alfajiri kabla joto halijapanda, funga, weka mahali pa baridi nusu saa, kisha sukuma. Tandaza kwenye bati, funika kwa karatasi, jaza maharage makavu juu, oka robo saa bila rojo la boga, kisha toa maharage na karatasi, mimina rojo, uoke tena. Hapo chini hapatalowa.

Wenye oveni: nyuzi 220 kwa dakika 15, halafu 175 kwa dakika 40 hadi 50. Kwenye sigiri saa haitakusaidia sana, angalia pai. Ukingo ukishashika na katikati pakitikisika kidogo tu ukigusa bati, itoe. Itaendelea kushika yenyewe ikipoa. Iache saa mbili kabla ya kukata.

Mkulima wa Kasese

Dada, mimi nitasema ya shambani tu.

Usivune yale mabichi kwa pupa. Boga lililokomaa kikonyo chake kimekauka na kuwa kama kizibo, na ganda halichaniki ukilibonyeza kwa ukucha. Kata ukiacha kikonyo kirefu, sentimita tano au zaidi, na usilibebe kwa kikonyo hicho. Kikichomoka ni mlango wa kuoza. Lianike mahali penye hewa siku kadhaa ganda ligande, kisha lihifadhi penye kivuli na ukavu, juu ya mbao au majani makavu, yasigusane. Likikaa wiki mbili tatu hivi linakuwa tamu zaidi, kwa sababu wanga wake unageuka sukari. Kwa hiyo yaliyokauka vikonyo vuna leo, yatakuwa yamefikia utamu wake wageni wakifika.

Je, kuna madogo yanayoanguka au kuoza yakiwa bado machanga?

Mama Wanale, Mbale

Yapo! Yanakuwa na kidoa kama kimechomwa sindano, yanalainika, ukipasua unakuta funza weupe.

Mkulima wa Kasese

Huyo ni inzi wa matunda. Hutaga mayai ndani boga likiwa changa. Okota yote yaliyoanguka, usiyatupe kwenye lundo la mbolea, yafukie chini sana au uyafunge kwenye mfuko wa plastiki juani. Yanayoanza kuumbika yavike mfuko wa karatasi au yafunike kwa nyasi kavu. Dawa usipulize asubuhi maua yakiwa wazi. Ua la boga linafunguka asubuhi tu na nyuki ndio wanaolichavusha, ukiua nyuki hutapata boga la kuokoa.

Simsim, Arua

Nimesoma yote, na naona hakuna aliyemgusa kijana wako.

Dada, mwache. Nina mtoto hali bamia, na nilipoacha kumlazimisha amani ilirudi mezani. Mtu asiyependa kitu cha kuteleza hapendi kuteleza, si boga. Mchomee mbegu: zioshe, zikaushe, zikaange kwenye kikaango kikavu na chumvi mpaka ziruke. Huenda akala bakuli zima. Na majani machanga ya maboga, yale yanayoitwa essunsa kwa Kiganda, menya nyuzi za vikonyo, pika na ufuta uliosagwa kama tunavyopika huku, au na karanga kama mnavyopika malewa, yale machipukizi ya mianzi, huko kwenu. Hapo boga atakuwa amelila. Ila usichume majani mengi kwenye shina moja, maboga yatadumaa.

Mzee Entebbe

Mimi ni kama mumeo. Boga la mvuke na chai, basi. Mpikie lake asubuhi, usimwombe ale pai, akipenda ataomba mwenyewe. Mume aliyeshiba boga lake hanuni.

Jikoni Jinja

Kuhusu mama mkwe na mdalasini: oka pai mbili. Ya pili itie iliki kidogo na maganda ya limau yaliyokwanguliwa, mdalasini usiweke kabisa. Au ya pili iwe ya viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Huko Marekani pai ya viazi vitamu nayo ina wenyewe, hasa majimbo ya kusini, na sisi viazi hivyo tunavyo vya kutosha. Mtafiti wetu Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi hiyo hiyo ya mazao yenye vitamini A. Kiazi hakina maji mengi, hakikusumbui kama boga. Mimi kwa ulimi wangu nakipenda kuliko boga, na sitajificha.

Niko Waltham

Dada, niko mji mmoja na mdogo wako, tuko Waganda wengi hapa. Nikueleze kitu kuhusu pai hii. Huku inaliwa hasa Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu yao ya shukrani, na nyumba nyingi hazipiki boga lenyewe, zinafungua kopo. Boga la kopo ni laini sana, halina nyuzi hata moja. Wifi yako ulimi wake huenda umezoea ulaini huo. Kwa hiyo baada ya kukausha, lipitishe kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Juu yake wanaweka krimu iliyopigwa ikasimama.

Ila ningekuwa wewe nisingemwekea pai mezani tayari. Mpigie simu, muulize bibi yake alikuwa anatia nini, na akija mwingize jikoni. Wewe uwe na boga lililokaushwa na ganda lililosukumwa, yeye apime viungo vya bibi yake kwa mkono wake. Nilipokuja huku, shemeji zangu waliniachia jiko siku moja nipike matooke kwa karanga. Siku hiyo ndiyo niliacha kuwa mgeni.

Mama Wanale, Mbale

Nimempigia. Amefurahi mpaka akanyamaza kidogo. Anasema bibi hakutia karafuu hata siku moja, alitia tangawizi nyingi na kokwamanga. Daftari la bibi liko kwa mama yake, atapiga picha ukurasa.

Jana nimepika vipande viwili kama Hajjat alivyosema. La kijani ni kavu, lilipasuka juu kama kiazi kilichoiva. La dukani limetoa maji kikombe kizima kwenye kitambaa. Mama mkwe amesimama hapo akila la kijani kwa mkono na kusema mbegu zake zisichanganywe na za dukani, nizitenge kabisa. Pai mbili nimekubali, moja ya mdalasini, moja ya iliki. Mume amesikia habari ya boga lake la asubuhi, ameridhika.

Nimebaki na moja: friji yetu inategemea umeme, na umeme wa Desemba mnaujua. Nikitaka kuandaa mapema, kitu gani kinalala na kitu gani hakilali?

Hajjat wa Bombo

Boga zima linalala bila shida, hata miezi miwili. Lililopondwa lisilale nje, pika siku hiyo hiyo. Pai iliyookwa ina mayai na maziwa, isikae kwenye joto zaidi ya saa mbili baada ya kupoa. Umeme ukikatika, iliwe yote ndani ya muda huo, na mtakuwa wengi wa kuimaliza. Unga na siagi unaweza kuvisugua usiku na kuviacha vikavu kwenye bakuli lililofunikwa, maji utie asubuhi. Na hizo mbegu za mama mkwe, mwaka ujao panda za dukani mbali kabisa au usizipande. Nyuki hawana mpaka, na mbegu ya boga lililochanganyika haitakupa tena boga lile lile.