Tupeane uzoefu: Kutembea milima ya Grindelwald, Uswisi, huku hakuna wa kukuambia pole pole

Wakuu habari za wikiendi. Wadau tulioko Uswisi, Ujerumani na pande hizi tumekuwa wengi sasa, na kila ikifika mwezi wa sita maswali ya milimani yanaanza. Mimi nipo Basel, Grindelwald nimeshaenda mara nne, naomba tupeane uzoefu wa kweli, nani kapita njia gani na kimemkuta nini, ili anayeenda mara ya kwanza asiende kichwa kichwa.

Kwa wasiopajua, ni kijiji kipo bondeni, mita 1,034 tu, lakini ukitoka stesheni ukainua macho unakutana na ukuta wa mlima Eiger, mita 3,967, na upande wa pili mlima Wetterhorn umesimama kama mlango wa bonde. Nyumba za mbao, ng'ombe na kengele zao shingoni, halafu barafu juu. Mara ya kwanza nilisimama tu na begi mgongoni.

Naanza na yangu. Nilipanda gondola, kile kibanda cha kebo kinachoning'inia kwenye waya, mpaka kituo cha First, mita 2,168, nikatembea mpaka ziwa la Bachalpsee, kama saa moja kasoro, njia pana haina shida. Nikakuta maji yametulia, mlima Schreckhorn wote umelala ndani ya ziwa kichwa chini, na mimi kwa furaha nikasema ngoja nimalizie kilele cha Faulhorn, mita 2,681, kibao kinasema saa moja na kitu. Kosa langu lilikuwa hapo, zile saa za vibao vya njano ni za miguu kutembea tu, mapumziko hayamo, picha hazimo, kula ndizi yako hakumo. Nimefika juu nimekaa, nimerudi First gondola ya mwisho imeshaondoka. Nikashuka kwa miguu mpaka kijijini, zaidi ya mita 1,100 za kushuka, na nusu ya mwisho natembea kwa tochi ya simu iliyobaki asilimia tisa. Magoti yaliuma siku nne. Sasa hivi kabla sijanyanyua mguu naangalia kwanza gondola ya mwisho ni saa ngapi, halafu ndio nahesabu kurudi nyuma.

Karibuni.

Mdau wa Bern, zamani mpagazi

Mkuu umeanzisha kitu cha maana. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka sita, njia ya Marangu na Machame, kwa hiyo nilivyokuja huku nikajua milima hii ni midogo kwangu, Kibo si mita 5,895 na nimefika nikiwa na kilo ishirini kichwani. Nikagundua tofauti siku ya kwanza tu. Kwetu mgeni haruhusiwi kupanda bila mwongozaji, ana mpishi, ana wapagazi, kuna mtu kazi yake ni kumtazama usoni kila saa na kumwambia pole pole, baba, kunywa maji. Huku unashuka kwenye kebo uko wewe na kibao.

Nilienda njia ya Eiger Trail mwisho wa mwezi wa sita na jamaa zangu wawili. Unaanzia stesheni ya Eigergletscher, mita 2,320, unateremka chini ya ule ukuta wa kaskazini mpaka Alpiglen. Ukuta unakupa baridi hata kwenye jua, uko juu yako kama mita 1,800 za mwamba mtupu, na ndio ule ulioshindikana mpaka 1938 walipoupanda Wajerumani wawili na Waaustria wawili. Tumetembea kama dakika arobaini tukakuta korongo limejaa theluji ya zamani, limekata njia, upana kama mita kumi na tano hivi, chini yake mteremko unaenda moja kwa moja. Jamaa mmoja yuko na raba. Akasema si hatua ishirini tu, tuvuke.

Nikapiga kisigino kwenye theluji, ngumu kama kigae. Nikainama pembeni nikatazama chini yake, kumbe imekuwa pango, maji yanapita, naona mwanga wa bluu unatoka upande wa pili. Unene wa pale pembeni haukuzidi shibiri. Nikasema tunarudi. Jamaa akakasirika kweli, akasema tumelipa hela ya kebo, wazungu wamevuka kuna nyayo. Nikamwambia nyayo ni za asubuhi ikiwa imeganda, saa hizi ni saa nane mchana. Kule nyumbani mwongozaji akisema shuka unashuka, hata uwe umelipa dola elfu ngapi. Siku ile nikaamua mimi ndio mwongozaji, hakuna aliyenipa hiyo kazi lakini mtu lazima awe nayo. Hakuniongelesha mpaka Interlaken. Mwezi wa nane tulirudi watatu, korongo kavu, tukapita tunaongea, na yeye kanunua buti.

Kitu kingine ambacho huwa nakiwaza nikiwa huku: 1889 Hans Meyer alipofika Kibo, mwenzake alikuwa Ludwig Purtscheller, mtu wa milima hii ya Alps huku Austria, na kwetu anakumbukwa mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kwamba ndiye aliyewaongoza. Mjuzi wa barafu alitoka huku, mjuzi wa njia alikuwa wa kwetu.

Mama wawili, Thun

Asanteni kaka zangu. Kwa wenye watoto mimi nashauri njia ya kutoka Männlichen kwenda stesheni ya Kleine Scheidegg. Kebo inakupandisha mpaka mita 2,200 na kitu, halafu njia karibu yote ni kuteremka taratibu, kama saa moja na nusu, sisi tulitumia tatu. Mdogo nilimbeba mgongoni kwa kitenge, kila bibi tuliyepishana naye alisimama kumsalimia. Mbele yako wamejipanga watatu, Eiger, Mönch maana yake mtawa, na Jungfrau maana yake mwanamwali, binti yangu wa miaka sita mpaka leo anawachora.

Ila ng'ombe jamani. Walikuwa wamelala njiani na ndama wao, binti akakimbia kwenda kushika ndama, mama mtu akanyanyuka, akashusha kichwa. Nilimvuta mtoto kwa kofia ya koti. Mama mmoja wa shambani akatupungia mkono tupite chini kabisa, mbali, tusiwatazame. Penye ndama zunguka.

Msee wa Zürich (Mkenya)

Niaje watu wangu. Mimi nimefika Point Lenana kule Mlima Kenya, mita 4,985, nikarudi salama, so Jungfraujoch, ile stesheni ya juu kwenye barafu, nikaona ni ya kupiga picha tu. Unatoka bondeni na ile kebo mpya ya 2020, dakika kumi na tano uko Eigergletscher, unaingia treni inapita ndani ya mlima, ile reli imefika juu tangu 1912, unatokea mita 3,454. Hebu fikiria, hiyo ni juu ya kambi ya Mandara kule Kilimanjaro, unakaribia kambi ya Horombo, na hujalala popote. Nilipanda ngazi nikikimbia na nikatoka nje kwenye theluji kuelekea kibanda cha wapanda milima cha Mönchsjochhütte, dakika ishirini kichwa kikaanza kugonga, matapishi yako hapa kooni. Nikakumbuka ile pole pole, nikageuka. Kufika Kleine Scheidegg maumivu yameisha kabisa. Na barafu ya Aletsch nimeiona kwa macho, ndefu kuliko zote Alps, inashuka kama barabara mpaka inapotelea.

Swali, Faulhorn mwezi wa tisa inawezekana?

Mwanzisha mada

Inawezekana kaka, na hewa ni safi kuliko mwezi wa saba ambapo radi hupiga sana mchana. Angalia tu alama: alama ya njano tupu mtu yeyote anapita, mstari mweupe-mwekundu-mweupe uwe na buti na miguu ya uhakika, mweupe-bluu-mweupe uachie wazoefu. Namba ya helikopta ya uokoaji ni 1414, iwe kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani.

Mdau wa Bern, hiyo ya kupiga kisigino nimeichukua.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa hali ya hewa ikiruhusu naenda Faulhorn tena, anayetaka tukutane Interlaken Ost saa mbili kasoro asubuhi. Treni inagawanyika Zweilütschinen, nusu inakuja Grindelwald nusu inaenda Lauterbrunnen, someni maandishi ya behewa kabla ya kukaa. Mama wawili, njoo na watoto mpaka ziwani, mizigo tutasaidiana.